Siku ya Kuezua Nyumba ya Mama

Mwaka jana nilitoka Bukoba mjini kwenda Izimbya kusimamia kazi moja tu: kubadilisha mabati ya nyumba ya mama. Ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, na mbao nazo zilihitaji kubadilishwa, kwa hiyo paa lingelala wazi. Fundi akataka kujua: aezue lote au nusu? Mama alikuwa amekataa katakata kwenda kulala kwa jirani, na kahawa yake, magunia manne, ilikuwa ndani. Mvua ingekuja, angelowa pamoja na kahawa yake.

"Ezua lote," nikasema. Simu yangu ilionyesha jua.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi nilisomea lugha, na mtu asiyeweza kupigilia msumari hujitafutia kazi nyingine. Nikawaeleza kwamba ndani ya neno la Kiingereza "forecast", utabiri, mna kitendo cha kurusha. "Auspicious", jambo lenye dalili njema, limetokana na Warumi waliotazama ndege kabla ya kuanza shughuli. "Disaster", maafa, ni nyota iliyokaa vibaya.

"Na zetu zimekaaje, profesa?" fundi aliuliza, mguu mmoja kwenye ngazi. "Maana mimi naona jua tu."

Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. "Na hiyo dalili yenyewe wanaiitaje?"

"Omen."

"Limetoka wapi?"

Nikakohoa. "Kilatini. Kabla ya hapo, hata wataalamu hawana hakika."

"Waitu!" mama akashangaa kwa Kihaya. "Hata wao hawajui?"

"Hawajui, mama."

"Na mimi sijui. Fundi, ezua nusu."

Haikunyesha. Anga lilikaa safi mchana kutwa, jani la mgomba halikutikisika. Jioni nikampelekea mama simu, nidai ushindi wangu.

"Unaona? Ilisema kweli."

"Naona. Hongera, mwanangu." Alikuwa akitandika kitanda upande uliobaki na mabati, magunia yamepangwa ukutani. "Na ingenyesha, ungenifunika na hiyo simu?"

Nikairudisha simu mfukoni.

Siku ya tatu nusu ya kwanza ilipata mabati mapya. Kabla ya kugusa nusu ya pili, fundi alimwendea mama, akanipita mimi niliyekaa kizingitini. Mama akasema kahawa ihamie kwanza chini ya mabati mapya. Nikainuka, nikabeba gunia la kwanza.