Simu Zote Zibaki Garini

Euphrasia haamini mtu. Chupa ya maji hanywi mpaka asikie kizibo kikilia, na ukimsifia gauni atakuuliza unataka nini. Usimcheke. Ana miaka ishirini huku ughaibuni, hapa Woodbridge, akitunza wazee majumbani mwao, na aliyekaa katika nyumba za watu muda wote huo hujifunza kusoma nyuso.

Basi Alhamisi hiyo Jerotich alipompigia na kusema, "Ukitoka job kuja kwa mto, tuendeshe kayaki na Violet," machale yakamcheza. Jerotich ni nesi Mkenya aliyerudi mwezi uliopita kutoka kijiji cha mbali huko Alaska, kwenye Aktiki, alikokuwa na kazi ya mkataba. Anasema kule wakati wa kiangazi jua halizami, na jioni wenzake walikuwa wakimtoa kupiga makasia. Sawa. Lakini tangu arudi alikuwa akiwaalika Jumamosi tu. Leo siku ya kazi kumetokea nini?

Walipofika gatini kwenye Mto Occoquan, Jerotich akakusanya simu. "Zote zibaki kwa gari. Zikiingia maji msinilaumu."

Euphrasia akatoa yake shingo upande. Mama yake alikuwa hospitalini Bukoba wiki ya tatu sasa, na alikuwa akiiangalia simu hiyo kila baada ya dakika tano.

Wakaingia majini. Violet, msusi kutoka Nakuru asiyeishiwa maneno, alikaa mbele kwenye kayaki ya watu wawili, Euphrasia nyuma yake, na Jerotich peke yake kwenye ile ndogo. Violet aliimba, akachapa maji, akawalowesha wote. "Aki dada, relax! Kasia unaishika ni kama mwiko wa ugali!" Jerotich akacheka kidogo, kisha akatazama saa. Muda si muda akaitazama tena.

Huku ng'ambo, msiba hatuusemi kwenye simu. Tunangoja watu watimie: mwenyekiti wa jumuiya, wawili watatu wa kumshika mfiwa, na mmoja wa kuomba. Mpaka hapo mfiwa huzungushwa asijue. Euphrasia mwenyewe aliwahi kumtembeza mwenzake dukani saa mbili nzima wakichagua mapazia ambayo hakuna aliyeyahitaji. Kwa hiyo aliijua kazi hiyo, na dalili ya mvua ni mawingu.

Magari yakaanza kuingia kule gatini. La kwanza lilikuwa la Ferdinand, mwenyekiti wa jumuiya, aliyetoka Adelphi na kuvumilia foleni yote ile, kavaa shati jeusi la mikono mirefu katika joto la Julai. Likafuata la wanawake wawili kutoka mji wa Herndon. Waliposhuka, walikuwa wamejifunga khanga viunoni.

Hasira ya Euphrasia ikatangulia machozi: watu wa Herndon wameshajua, na yeye mtoto wa kuzaliwa anachezeshwa majini!

"Jerotich!" alifoka. "Mama yangu kafariki lini?"

Jerotich akaacha kupiga kasia. "Nani amekuambia hivyo?"

"Usinizungushe! Mchezo huu nimewafanyia wenzangu mimi mwenyewe. Sema!"

"Haki ya Mungu, mamako yuko sawa. Nimeongea na mdogo wako mchana. Si yeye. Wewe nimekuita unisaidie ku..." Akamtupia Violet jicho.

Euphrasia alimkazia macho, akausoma uso ule, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaamini. Furaha ikamtoka kabla hajaifikiria. "Asante Yesu! Asante Mungu wangu, si mimi!" Akawa analia na kucheka, kapakata kasia mapajani.

Mbele yake, Violet alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa akitazama gatini, zile khanga viunoni, na Ferdinand aliyekuwa akivua kofia.

"Jero," aliita polepole. "Kama si mamake, ni wangu?"

Jerotich akainamisha kichwa.

Euphrasia alijiona mwovu. Akanyoosha mkono amshike bega. Violet akausukuma, kayaki ikayumba.

"Wacha," alisema bila kugeuka. "Wewe umeshashukuru."