Sauti Iliyobaki Stendi

Basi lilirudi kinyumenyume hadi kwenye nafasi yake, dereva akazima injini, na kabla sijashusha begi langu nikasikia mtu anavuta pumzi. Haikuwa pumzi ya abiria. Ilitoka juu, kwenye vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo za stendi: ndefu, ya mdomo wazi, kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Ndipo ikafuata sauti ya mwanamke, nzito, imeziba, kila m ikielekea kwenye b. Ilitukaribisha, ikatuonya tusisahau mizigo, ikanyamaza.

Nimeshukia stendi nyingi na kutangaziwa kwa lugha ambazo nyingine nazisema na nyingine nazikisia tu. Watangazaji wa kila mahali huficha pumzi zao. Huyu hakuficha.

Sikumjua mtu katika mji ule. Barabara ya mbele ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na kazi niliyokuwa nayo ingeweza kuandikwa popote, kwa hiyo nikaenda dirisha la maulizo kutafuta chumba cha kupanga. Nyuma ya kioo alikaa mwanamke wa makamo, kikombe mkononi. Juu yetu ile pumzi ikavutwa tena, ile sauti ikaanza kuwaita abiria wa basi la mchana. Midomo ya yule mwanamke ilikuwa wazi kidogo, lakini haikutikisika. Tangazo lilipokwisha alinitazama, akavuta pumzi ileile, akasema kwa sauti ileile:

"Karibu. Nikusaidie nini?"

Nadhani nilirudi nyuma hatua.

"Usiogope," akasema. "Yule ni mimi wa wiki iliyopita."

Stendi nzima ilimwita Spika. Alikuwa ametangaza mabasi kwa mdomo wake tangu usichana. Sasa alikuwa anakwenda kupasuliwa pua, na kwa kuwa stendi haiwezi kunyamaza, fundi wa mitambo alikuwa amemrekodi akitangaza kila basi na kila saa. "Nakaa hapa kama marehemu anayesikiliza wosia wake ukisomwa," akasema, akacheka kwa mdomo. Chumba alikuwa nacho, nyumbani kwao.

Nyumba yao ilipakana na ukuta wa stendi. Chumba cha mama yake ndicho kilichotazama huko, dirisha likikaribia kugusa kipaza sauti cha mwisho. Mama alikuwa kikongwe. Presha ya macho ilikuwa imemchukulia nuru yake, na kumbukumbu nazo zilikuwa zimeanza kumkimbia. Majirani aliwasahau. Marehemu mumewe alimuulizia kana kwamba ametoka kidogo tu. Kitu kimoja hakikumponyoka: sauti ya binti yake. Kila tangazo lilipotoka, aligeuza uso dirishani akajibu, "Haya, mwanangu," kisha akaendelea kukunja nguo zilezile alizokunja asubuhi.

Jikoni nilimkuta mama mdogo wa Spika, aliyehamia pale kumtunza dada yake. Alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi wa kumimina chai.

"Hebu mwambie mgeni daktari alisemaje," alimwambia Spika. "Maana mimi nikisema naambiwa natia pua."

"Pua zenyewe humu ndani hazitoshi, na wewe unatia yako."

Lakini alieleza. "Daktari alinichorea pua yangu kama nyumba ya vyumba viwili. Ukuta wa kati umepinda tangu nilipoanguka kwenye ngazi nikiwa mtoto. Chumba kimoja kimezibwa kabisa. Halafu kuna vinyama vya pembeni. Hivyo kila mtu anavyo, kazi yake ni kuipa hewa joto na unyevu. Vyangu vimevimba vikajaza chumba cha pili. Wapo wanaoota vinyama vingine, hao huingizwa kamera nyembamba tunduni vikatolewa, lakini mimi sina. Kwa hiyo anaweza kunyoosha ukuta tu, au kupunguza vile vya pembeni tu kwa kuvichoma kidogo, au yote mawili kwa nusu kaputi moja. Anashauri yote mawili."

"Na dawa za kupuliza?" nikauliza.

"Nimepuliza mpaka mfamasia akanizoea. Zinapunguza uvimbe. Ukuta hazinyooshi."

"Si avikate vyote tumalize?" mama mdogo akasema.

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema wapo waliokatwa vyote, pua ikabaki ukumbi mtupu. Hewa inapita, ila wenyewe hawaisikii ikipita. Wanakaa wanatweta na pua iko wazi."

Nje, Spika wa wiki iliyopita alivuta pumzi na kutangaza basi. Chumbani mama alijibu.

"Na sauti?" nikauliza.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kwa wengi hubadilika kidogo mno, lakini kwa aliyeziba kama yeye inaweza kubadilika zaidi, na hawezi kumpa ahadi. Spika alitazama mlango wa mama yake. "Uso wangu haukumbuki tena. Amebaki na sauti tu. Nikirudi na nyingine, nitakuwa nani humu ndani?"

"Utakuwa mtu aliye hai," akasema mama mdogo. "Kila siku unaamka umekabwa, kichwa kinagonga, mdomo mkavu kama gunia. Unataka dada yangu akuzike huku anaisifu sauti yako?"

Spika akaenda kupasuliwa. Alirudi na uso umevimba, shashi chini ya pua, na vibao laini vya plastiki ndani ya matundu kushikilia ukuta usipinde tena. Tulikuwa tumejiandaa kwa lolote, kumbe siku hizo sauti yake ilikuwa imeziba kuliko zamani.

"Umeshikwa na mafua, mwanangu?" mama akauliza.

"Bakali," akajibu Spika, na mama akacheka, na mama mdogo akaenda kulilia jikoni kwa furaha. Tukaona tumeogopa bure.

Kisha vibao vikatolewa. Akaendelea kusafisha pua kwa maji ya chumvi, uvimbe ukashuka, na asubuhi moja aliingia sebuleni amefunga mdomo. Ilinichukua muda kutambua kilichokuwa kimepungua mle ndani. Ile pumzi haikuwepo. Alipita nyuma ya kiti changu kama kivuli.

Mama aliinua kichwa. "Nani?"

"Mama, ni mimi."

Sauti ilikuwa nyepesi, safi, na zile m zilikuwa mviringo, kamili. Mama alitabasamu kama mtu anavyotabasamu mlangoni kwake.

"Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanangu yuko kazini, lakini hakawii."

Na nje, kana kwamba ameitwa, mwanawe alivuta pumzi na kutangaza basi la asubuhi. "Haya, mwanangu," mama akajibu. Akamgeukia Spika. "Umemsikia? Ndiye huyo."

Spika hakukata tamaa upesi. Alimsimulia mambo ya utotoni, na mama alisikiliza kwa adabu, akashangaa mgeni ameyajuaje ya nyumba ile. Alimpa uso aupapase. Mikono ikapita juu yake bila kusimama popote. Siku moja, ingawa daktari alikuwa amemkataza kuishika pua, aliibana kwa vidole viwili na kusema kama alivyokuwa akisema zamani. Mama alivuta mkono wake taratibu.

"Unamwigiza vizuri, binti," akasema. "Lakini mwenzio huvuta pumzi kwanza."

Tone la damu lilidondoka sakafuni. Mama mdogo alilifuta kwa wayo wake.

Kilichoamua ni umeme. Ulikatika asubuhi, stendi ikawa bubu. Mama alikaa akingoja, nguo mapajani. Baadaye aliinuka, akaanza kwenda akipapasa ukuta kwa viganja, chumba hadi chumba, akimwita binti yake kwa jina. Spika alimfuata nyuma, karibu kiasi cha kumgusa, na kila alipoitwa aliitika.

"Nipo, mama. Nipo hapa nyuma yako."

Mama hakugeuka. Aliendelea kupapasa milango na kuita, sauti ikipanda, na sauti ile safi ikimjibu kutoka nyuma ya bega lake. Umeme uliporudi, kipaza sauti kilivuta pumzi. Mama aliegemea fremu ya dirisha. "Ulikuwa wapi?" akalilaumu dirisha. "Ulikuwa wapi wewe?"

Alasiri ileile Spika alikuwa na miadi na fundi wa mitambo, arekodi upya kwa sauti yake mpya. Nilimsindikiza. Chumba cha kurekodia kilikuwa chembamba, kuta zimegongelewa magodoro ya zamani. Fundi aliweka kidole kwenye kitufe.

"Nafuta zile za zamani, Spika? Manake hizo zinatisha abiria. Juzi mmoja kaniuliza huyu mama anazama wapi."

Spika alisimama mbele ya maikrofoni, pua wazi, akipumua bila kusikika. Kwa miaka yote alikuwa ametaka hilo tu.

"Usifute," akasema. "Usiziguse hata mimi nikikuomba."

Mkuu wa stendi hakuweza kuwalipa wawili, mtambo na mtu, kwa kazi moja. Stendi ya mwisho wa njia haikuwa na mtambo, ilihitaji mtangazaji. Spika akaikubali. Mama mdogo alimwita mjinga, kisha akampangia nguo sandukuni.

Alipokuja kuaga, mama alimpa mkono.

"Unaondoka, mgeni? Umekaa nasi vizuri. Ukipita stendi, nisalimie mwanangu. Mwambie asisahau kula."

"Nitamwambia, mama."

Alinipita mlangoni bila kuniangalia. Nilibaki dirishani, kando ya kiti cha mama. Nilimwona akivuka uwanja na sanduku lake, akifika kwenye basi, akiweka mguu kwenye ngazi. Kipaza sauti kikavuta pumzi na kuita abiria wa basi lilelile. Aliinua uso kuitazama nguzo, kama mtu aliyesikia anaitwa, akaingia. Basi likaondoka.

"Haya, mwanangu," akasema mama.

Alikunja nguo moja, akaikunjua.

"Yule mgeni ameshaondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Mtu mwema," akasema. "Ila alinitisha kidogo. Siku zote alizokaa hapa, sikumsikia akipumua hata mara moja."