Kanga ya Kijani

Nitaanza na hili ili mtu asije akasema sijui kucheka. Kucheka najua. Ile filamu ya kwanza niliicheka mpaka mbavu zikauma, na aliyekuwa akinichekesha ni mama yangu mzazi.

Waliipiga kijijini kwetu Msimbati, mama akiwa na nguvu zake. Hakuwa mwigizaji. Walitaka mjane mwenye mikorosho, wakampata mjane mwenye mikorosho kweli. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Mnunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa kificho na kuzipima kwa bakuli lao wenyewe, anaingia shambani kumlaghai mjane. Mjane anamtazama anavyopima, anamtazama, halafu anachukua mpini wa jembe. Anamkimbiza kijiji kizima, kanga yake ya kijani ameifunga kiunoni, bega la kushoto limeshuka kama alivyotembea siku zote, huku akimtukana kwa Kiswahili chake chenye Kimakonde ndani. Mnunuzi anaacha viatu, anaacha bakuli, anaacha na korosho. Mtwara tulicheka sana, maana kila mtu alikuwa na mnunuzi wake aliyetamani kumkimbiza.

Miaka ikapita, kiharusi kikampiga mama. Kilichukua mkono wa kulia, kikalegeza mguu, kikampinda mdomo, kikaondoka na maneno yote. Nikamleta kwangu Magomeni, hapa Mtwara mjini, nikamweka karibu na cherehani ili nishone huku namwona.

Hapo ndipo walipotufuata, mwongozaji wa filamu na yule mwigizaji aliyekuwa mnunuzi. Walitaka kutengeneza ya pili. Walimwamkia mama kwa adabu, wakakaa, wakanywa chai yangu. Mwigizaji alimtazama mama sana, nami nikadhani anamwonea huruma.

"Dada, mama hawezi tena, lakini hatumwachi nje," mwongozaji akasema. "Tupe ile kanga yake ya kijani. Watu wakiiona tu, watajua hadithi ni ileile."

Nikaitoa sandukuni. Sikumuuliza mama. Alikuwa ameketi pale pale, akaitazama ikitoka mlangoni, na mimi mpumbavu nikafurahi kwamba atakumbukwa.

Filamu ilipofika mjini nilimpandisha mama bajaji, Ijumaa mchana baada ya swala, nikampeleka banda la video akiwa amevaa nguo yake ya Idi. Filamu ikaanza na matanga. Mjane amekufa. Picha ya mama imeegemezwa ukutani, na waombolezaji wamekaa mkekani. Mnunuzi anaingia, anajifunga kanga ya kijani, anashusha bega la kushoto, halafu anapinda mdomo. Anakokota mguu na kutoa sauti za bubu. Banda zima likaangua kicheko.

Mjane wa filamu ya kwanza hakuwa na mdomo uliopinda. Mdomo ule waliukuta kwangu, wakinywa chai yangu!

Mama aliinua mkono wake mzima akauziba mdomo. Hakuutoa mkono ule mpaka tulipofika nyumbani.

Nilimpigia mwongozaji simu. Akaniambia nisikasirike, ni utani tu.

"Huko kwenu si mnataniana mpaka misibani?"

Kwetu mtani si kila mwenye meno. Utani hurithiwa, ukoo kwa ukoo. Ukifiwa, mtani ndiye anayechimba kaburi, anayeosha masufuria, anayelala sakafuni pamoja nawe. Ni kwa kazi hiyo anaruhusiwa kuvaa nguo ya marehemu na kumwigiza, wafiwa wapate kupumua. Kesho msiba ukiwa kwake, nawe unakwenda. Hakuna anayemwachia mlaghai wa marehemu aivae kanga yake, na hakuna anayemzika mtu aliye hai ili acheke ugonjwa wake. Nilimwambia yote hayo. Akajibu kwamba filamu ya pili lazima iunganishwe na ya kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, kuunganisha najua. Kabla ya kupitisha sindano unatazama uso wa kitambaa ni upi na mgongo ni upi. Katika ya kwanza tulimcheka tapeli. Katika ya pili tapeli ndiye anayetuchekesha, na anayechekwa ni yule aliyekataa kutapeliwa. Nilipomwambia ameshona nje ndani, akakata simu.

Wiki hiyohiyo akaja mtani wa mama kutoka Kilambo, bibi wa rika lake, ameiona filamu kwenye simu ya jirani. Alianza kupiga kelele tangu barabarani.

"Ntani wangu! Umekufa bila kuniambia? Na kazi yangu umempa nani?"

Mama akatoa kicheko, cha kwanza tangu siku ile. Bibi akaketi, akaniangalia.

"Ile ya kijani iko wapi? Ile ndiyo niliyokuwa naingojea."

Nikamwambia haikurudi.

"Nani aliwapa?"

Nikaendelea kukanyaga cherehani, na uzi ulikuwa umeshakatika.

Mama akaanza kufungua kanga aliyojitanda, kwa mkono wake mmoja wa kushoto. Fundo likamshinda. Niliinuka nimsaidie, akauondoa mkono wangu. Alihangaika mwenyewe mpaka likafunguka, akaisukuma ile kanga mapajani kwa mtani wake.

Bibi akaipokea. Kisha akaifunga kiunoni, akachukua mwiko wangu, akashusha bega la kushoto, akatoka uani akimkimbiza mnunuzi asiyeonekana na kumtukana kwa Kimakonde. Mdomo hakuupinda. Alikuwa mama yangu mtupu, mama wa Msimbati.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakuuziba mdomo.

Mimi sikuweza kucheka. Mkono aliouondoa ndio uleule uliotoa kanga ya kijani.