Vioo Vyeusi kwenye Barabara ya Mlimba

Nimewahi kumvunja mtu mkono. Nilitumia spana ya kufungulia magurudumu, saa nne asubuhi, na kwa miezi mingi baadaye sauti ya ule mfupa ilikuwa ikinijia nikiwa jikoni nakata mihogo. Watu wanaonifahamu hapa Ifakara wanajua nusu ya habari hii. Wanajua kwamba gari letu lilivamiwa na mume wangu akaumizwa. Hiyo nusu nyingine sijawahi kuisimulia kwa urefu.

Baba yangu alipata kiharusi akiwa nyumbani kwake Mbingu. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito. Alikuwa katekista kwa miaka mingi, mtu wa maneno, na sasa neno moja lilimtoa jasho. Kila baada ya wiki mbili mimi na mume wangu tulitoka Lipangalala, mtaa wa hapa mjini tunakoishi, tukaenda kumchukua na kumleta hospitali kwa mazoezi ya viungo, kisha tukamrudisha siku hiyo hiyo, kwa sababu alikataa kabisa kulala mjini.

Gari letu ni dogo, la mtumba, na vioo vyake vilikuwa vyeupe. Joto la bonde hili kabla mvua kubwa hazijashika halihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kulionja. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza hewa kama ya mtu anayehema. Siku moja tulipomshusha baba, tukakuta alama nyekundu kwenye mkono wake wa kulia, yenye umbo la chuma cha mkanda wa kiti. Kile chuma kilikuwa kimepigwa na jua njia nzima, kikaegemea mkono ambao hauhisi, kikamwunguza huku tukiongea naye habari za mavuno. Mume wangu alikaa chini kwenye udongo akaushika ule mkono. Kesho yake nikaenda kutafuta tinti, ile karatasi ya kubandika kwenye vioo kuzuia jua.

Fundi niliyemwendea alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyejifunzia kazi Dar es Salaam. Banda lake liko kando ya barabara. Hakuanza kwa kunionyesha rangi. Aliwasha taa ya joto, ya aina ile wanayowekewa vifaranga, akasimamisha mbele yake kipande cha kioo kilichobandikwa karatasi nyeusi tii, akaniambia niweke kiganja nyuma yake. Nilihesabu mpaka kumi na mbili nikautoa mkono. Kisha akabadilisha kioo. Cha pili karatasi yake ilikuwa kama haipo, niliiona mistari yote ya kiganja changu. Lakini mkono ulikaa pale mpaka yeye mwenyewe akaniambia niuondoe.

"Ile nyeusi ni rangi tu, dada," akasema. "Inazuia macho ya watu. Jua inalinyonya, kioo chenyewe kinachemka, halafu joto linakugeukia wewe. Hii nyingine ni seramiki. Inazuia joto, lakini aliye nje anakuona kama kawaida. Mgonjwa wako anahitaji hii."

"Ile nyeusi haisaidii kabisa?"

"Inasaidia kidogo. Baada ya mwaka mmoja au miwili itageuka zambarau na kutoa mapovu."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye ni Msukuma. Aliingia bonde hili akiwa mtoto, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake, lakini alikwenda shule na sasa anafundisha hesabu sekondari. Hana ng'ombe hata mmoja. Hata hivyo, kila mifugo inapoingia kwenye mpunga wa mtu, yeye hutazamwa sokoni kana kwamba ndiye aliyeifungulia zizi.

"Kuonekana ndiko ninakokukimbia mimi," alimwambia fundi. "Ile barabara ya Mlimba naijua. Nikifungua mdomo tu, watu wanasikia kengele za ng'ombe. Tuwekee nyeusi."

Fundi alinitazama mimi. Kiganja changu kilikuwa bado kinawaka kwa ile taa, na nilijua vizuri ipi ingemfaa baba. Nikasema, "Weka nyeusi." Sikusukumwa na mtu. Mimi pia nilikuwa nimechoka na yale macho.

Akanyunyiza maji ya sabuni, akabandika, akakamua kwa raba, akakata pembe kwa wembe. Cha mbele alikipa nyepesi kidogo. Vya nyuma vilikuwa giza kabisa. Trafiki walitusimamisha mara mbili wakatuambia tupunguze, tukaitikia, hatukupunguza.

Ilikuwa mwezi wa pili, mpunga umefika magotini. Tulikuwa tunatoka Mbingu. Mimi naendesha, mume wangu kakaa nyuma kamshikilia baba asiegemee kioo, maana kioo kilikuwa kinachoma. Katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja tulikuta gogo limelazwa katikati ya barabara. Niliposimama, watu wakatoka kwenye mashamba ya pande zote mbili. Wanaume na wanawake, huenda arobaini, wana majembe, marungu na mapanga. Walikuja bila kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

Mambo yaliyotangulia niliyajua baadaye. Alfajiri ya siku ile mkulima mmoja alikuta ng'ombe shambani kwake. Alipojaribu kuwaswaga, wachungaji wawili walimkata kwa sime kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Jana yake lilikuwa limepita gari lenye vioo vyeusi, na neno lilikuwa limeenea kwamba ndani yake alikuwamo tajiri mwenye ng'ombe wale, amekuja kukagua malisho. Kwa hiyo gari lolote lenye vioo vyeusi lilikuwa gari lake.

Mwanaume mmoja mwenye kipara, wa rika langu, aligonga kioo changu kwa mpini wa panga. Nilikishusha kidogo.

"Shikamooni," nikasema, ingawa wengi walikuwa wadogo kwangu. Ndilo neno lililotoka.

Hakuitikia. "Nyuma kuna nani?"

"Mgonjwa. Baba yangu. Nampeleka hospitali."

"Na mwingine?"

"Mume wangu."

"Shusha vioo vya nyuma."

Nilibonyeza. Tangu tinti iwekwe, kile cha upande wa mume wangu kilikuwa kinakwama, na siku ile kilikwama. Nikabonyeza tena. Mume wangu akasema kwa sauti kutoka ndani, "Ndugu zangu, kioo kimekwama, subirini kidogo nifungue mlango." Alikuwa anaongea kwa adabu. Lakini matamshi yake walikuwa wameshayasikia.

"Ni wao," mtu akasema.

Jiwe la kwanza lilipiga kioo cha nyuma. Kilipasuka chote kwa mara moja, ila hakikuanguka. Ile karatasi nyeusi ilikishikilia, kikabaki kimening'inia kama ngozi ya nyoka, kikibonyea ndani kila kilipopigwa. Walikuwa wanapiga kitu wasichokiona. Nilisikia baba akitoa sauti ambayo haikuwa neno. Kwenye kioo cha kuoneshea nyuma nilimwona mume wangu amejilaza juu ya baba, mgongo wake umeelekea dirishani, na rungu linapita katikati ya ile karatasi na kumshukia mgongoni, linatoka, linarudi.

Wakafungua mlango wakamvuta kwa miguu. Alijaribu kushika kiti. Alipokuwa nje walimzunguka, nami sikumwona tena, niliona mikono tu ikipanda na kushuka. Panga lilimpata mkono wa kushoto alipouinua kukinga kichwa. Nilisikia akimwita mama yake kwa Kisukuma. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akiita hivyo.

Spana huwa naiweka chini ya kiti changu. Nilishuka nayo. Yule mwenye kipara alikuwa amenipa mgongo, panga mkononi, bado hajalitumia, huenda alikuwa anasubiri nafasi. Akageuka. Nikampiga mkononi kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Panga likaanguka, naye akapiga magoti akiushika mkono kifuani, ananitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

Hapo ndipo ningepaswa kuacha. Panga lilikuwa chini, nami nilikuwa nimelikanyaga. Nikampiga tena, pale pale, juu ya mkono uliokwisha kuvunjika. Niliona vizuri nilichokuwa nafanya. Na nitasema ukweli: kwa muda wa pumzi moja, nilijisikia vizuri.

Mtu alinishika nywele kwa nyuma akaniangusha. Nilipigwa teke la ubavuni, na vumbi likanijaa mdomoni. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, karibu na gari.

"Acheni. Jamani, acheni. Ni katekista."

Alikuwa mama mmoja mnene mwenye jembe begani. Alikuwa ameichana ile karatasi iliyoning'inia ili achungulie ndani, akakutana na uso wa baba, una chembe za vioo kwenye ndevu. Alirudia neno lile mara nyingi, akaliendea lile kundi, akawa anawapiga watu migongoni kwa mpini wa jembe. "Huyu ndiye aliyenifundisha mafundisho ya komunyo. Mnamuua mkwe wa katekista."

Iliisha upesi kuliko ilivyoanza. Watu walisogea nyuma mmoja mmoja. Mmoja akaliondoa lile gogo barabarani bila kuambiwa. Wawili walimwinua mume wangu wakamweka kwenye gari, na mmoja wao alikuwa na damu ya mume wangu kwenye shati. Alimfunga kichwa kwa kanga aliyopewa na mama mwenye jembe, akakaza fundo vizuri, akasema, "Pole, mwalimu," kwa sababu wakati huo mtu alikuwa ameshamtambua. Yule mama aliingia nyuma, akamshika baba kwa mkono mmoja na mume wangu kwa mwingine, nikaendesha mpaka Ifakara. Damu ilikuwa imeloanisha kiti hadi kwenye sifongo.

Mume wangu alishonwa kichwa, mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na mkono wa kushoto alipoteza vidole viwili. Baba hakuumia zaidi ya michubuko, lakini kwa wiki mbili hakutamka hata yale maneno machache aliyokuwa ameyapata.

Siku ya tatu nilimkuta yule mwenye kipara kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Mkono ulikuwa kwenye plasta mpaka juu ya kiwiko. Ndani ya wodi ile ile alikuwa amelazwa ndugu yake wa tumbo moja, yule aliyekatwa begani alfajiri. Vitanda vyao, cha ndugu huyo na cha mume wangu, vilitenganishwa na mgonjwa mmoja wa tumbo. Nilikuwa na chupa ya uji. Nilisimama kwa sababu njia ilikuwa nyembamba na miguu yake ilikuwa imeiziba.

"Ndugu yako anaendeleaje?" nikamwuliza.

"Hawajui kama mkono utafanya kazi." Akakunja miguu ili nipite, lakini sikupita. Akaendelea, "Hatukuwaona. Vioo vile. Tungeona mzee mgonjwa, tungewaacha."

"Na mume wangu? Mngemwona yeye?"

Alifikiri. "Sijui. Siku ile sijui."

Nilimshukuru moyoni kwa kutonidanganya. Nilikuwa nimeanza kuondoka aliposema, "Lile pigo la kwanza naelewa. Hata mimi ningepiga. La pili lilikuwa la nini?"

Nilisimama na chupa yangu ya uji. Kisha nikaingia wodini.

Polisi waliandika maelezo ya kila upande. Wale wachungaji wawili hawakuonekana. Katika mazungumzo yaliyofuata kijijini, wazee wa pande zote wakiwa wamekaa kwenye viti vya shule, tulikubaliana kusameheana. Niliweka sahihi. Mume wangu aliweka sahihi yake kwa mkono wa kulia, ule mwingine kauficha ndani ya koti, kwenye joto lile.

Gari lilirudi kwa fundi. Alilitazama muda mrefu kabla hajaligusa. Aliing'oa ile karatasi iliyobaki kwenye vioo vizima, ikawa inatoka vipande vipande huku akiipasha kwa hewa ya moto, kisha akaniuliza tuweke nini. Safari ile mume wangu alikuwa nyumbani. Tulikuwa tumegombana usiku kucha.

"Weka nyeusi," alikuwa ameniambia. "Wangeniona mapema, wangeniua mapema."

"Wangemwona baba."

"Mara ile baba alikuwemo. Siku nikiwa peke yangu je?"

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Niliweka seramiki, ile isiyoonekana. Kwa upande wa joto fundi alikuwa amesema kweli. Safari ya kwanza niligusa chuma cha mkanda tulipofika na kilikuwa vuguvugu tu. Baba alisinzia njia nzima. Katika kijiji kile watu walitazama ndani ya gari nami niliwatazama, na wachache walipunga mkono. Yule mama mwenye jembe alisimama kando ya barabara akampigia baba ishara ya msalaba.

Mume wangu hakurudi kwenye barabara ile. Amekuwa akiomba uhamisho wa kwenda kufundisha mbali na bonde hili, na mimi sijui kama nitamfuata.

Ilinichukua karibu mwaka kumwambia habari ya pigo la pili. Tulikuwa tumekaa barazani saa ya jioni, anasahihisha madaftari. Nilimweleza yote: panga lililokuwa chini ya mguu wangu, mtu aliyepiga magoti, swali aliloniuliza kwenye benchi. Nadhani nilitaka anikemee. Ni mwalimu, hukemea vizuri.

Aliendelea kuweka alama za vema mpaka akamaliza ukurasa.

"Ulikosea," akasema kwa upole. "Ungempiga na la tatu."

Akachukua daftari jingine. Nilimtazama mtu huyu ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kuinua fimbo hata darasani, na nikagundua kwamba sikushtuka. Niliinuka nikaenda kumgeuza baba, ambaye siku hizo alikuwa amekubali hatimaye kulala mjini.