Nywele za Maimuna na Shingo ya Beberu

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile nnajifunika uso peke yangu chumbani, na aliyenitia kwenye aibu ile ni shoga yangu Zuwena, jirani wa hapa Amerat, nje ya Maskati, nnamtaja kwa jina maana yeye akihadithia hujitoa.

Palikuwa na maonesho ya Wachina mjini Maskati, Zuwena akarudi huko amepagawa, yuko fundi anatengeneza brashi za kuandikia kwa wino, ukimpelekea nywele za kwanza za mtoto, ambazo ncha zake hazijaguswa na wembe, anakufanyia moja na jina la mtoto anachonga kwenye mpini wa mwanzi. Moyo uliniruka! Kesho yake tulikuwa na akika ya Maimuna, mjukuu wangu wa kwanza, anyolewe na achinjiwe beberu. Sisi nywele tukishazipima kwa fedha tukatoa sadaka, tunazifukia, kwa hiyo Raya, mke wa mwanangu, alisita sana kabla ya kunipa.

"Mama, hizi hazitoki tena," akaniambia.

Basi mtoto kanyolewa, nywele ndefu lakini hazijai kijiko cha chai. Zuwena akaninong'oneza, "Unampelekea nywele za brashi ya sisimizi? Beberu wa akika mweusi vilevile. Chota za shingoni, nani atajua?" Nikachota. (Shule sikusoma, lakini akili ya kumkatalia Zuwena nnayo, siku ile sijui ilikwenda wapi.)

Tukaenda kwenye maonesho ukoo mzima, tumejipamba, hata mamake Raya, mwanangu na kamera ya video, na mimi nnawaambia hata nisiowajua kwamba hizo za mjukuu wangu. Fundi akazitia kwenye bakuli la maji, akawa anazichana kwa kitana cha mfupa, anazitenga unywele kwa unywele, fungu moja likawa linanenepa na jingine limekonda, na maji nayo yakaanza kutoa harufu, beberu kafufuka mle bakulini, watu wameshika pua, Zuwena ghafla anatazama mabirika ya chai kwenye banda la jirani.

Binti mkalimani akasema kwa Kiarabu, kwa sauti, "Fundi anauliza, na mbuzi anaitwa nani, amchonge jina?"

Watu wakaangua kicheko, na kamera inaendelea. Raya hakucheka.

"Mama, nilikupa nywele za mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule fundi akavuta droo, imejaa nywele za mbuzi, nyeupe, zimeoshwa safi, akaeleza kwamba za mtoto hazitoshi kamwe, kwao wote hujaza za mbuzi ndani na za mtoto wakazizungusha nje, ndiyo desturi, mtu hafichi. Za beberu wangu akazitupa kwa kunuka.

Brashi ilitoka nzuri, jamani. Raya kaitundika barazani kwake, na kila mgeni akiuliza, anahadithiwa yote mimi nimekaa pale pale na kikombe changu cha kahawa.

Nimeapa, nikikabidhiwa kitu cha mtoto, kiwe kidogo vipi, nnakipeleka kama kilivyo, na Zuwena hata njia ninayopita hataijua.