Ng'ombe wa Mahari Kwenye Katoni

Nikisikia maharagwe makavu yanatikiswa ndani ya kopo la bati, nacheka peke yangu kama mwehu. Juzi nilikuwa jikoni kwangu, hapa Himbi, mjini Goma, nachagua maharagwe na kuyamimina kwenye kopo, kacha-kacha-kacha, mara mtoto wa kaka yangu akaniita kutoka sebuleni. Yeye na wenzake wana mchezo wao wa mezani: kila mmoja anajifanya mtu fulani, mmoja wao anasimulia safari, na dadu lenye pande ishirini ndilo linaloamua nani apone na nani aangamie.

"Tantine Masika," akasema, "utupatie wazo la safari mupya. Tumechoka kuua mazimwi."

Nikamwambia: basi kuweni ng'ombe. Ng'ombe wa mahari, mnatembea kwa miguu yenu kutoka Masisi mpaka Goma, na mkichelewa, harusi inavunjika. Wakanitazama kama mtu aliyekunywa kitu. Ninyi angalau hamtanitazama hivyo, kwa hiyo kaeni niwaambie wazo hilo nililitoa wapi.

Tulikuwa tunakaa Keshero, mtaa mwingine wa Goma, kwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Ilikuwa ile miaka ya vita, shule inafungwa leo, inafunguliwa kesho, inafungwa tena. Tulishinda ndani, mimi, kaka yangu mdogo Kambale, na watoto wawili wa jirani, na watoto wanaoshinda ndani mnawajua. Siku moja Mama alitukuta tumeshika vijiti, tunapigana risasi chini ya kitanda. Hakutuchapa. Alisimama tu mlangoni na mwiko mkononi.

"Vita ibakie inje," akasema. "Mu nyumba yangu hakuna wa kucheza bunduki."

Sasa tucheze nini? Nikachukua katoni ya sabuni, nikaipasua, nikachora barabara kwa makaa. Vijiwe vya volkano vikawa wasafiri. Dadu hatukuwa nalo, nikachukua maharagwe matano meupe na kuyachoma upande mmoja kwa msumari wa moto. Harufu ya maharagwe yale yakiungua ninayo puani hadi leo. Unatikisa ndani ya kopo, unamwaga: yakitazama juu meupe matatu au zaidi, unapita, yakipungua, shida imekupata. Mimi niliyekuwa mkubwa nilijiita Mwenye Barabara, kazi yangu ikiwa ni kuwasimulia yanayowakuta njiani, na niliipenda kazi ile kupita kiasi. Tulisafirisha kabati la nguo kutoka Butembo hadi Goma, bila kulitia mkwaruzo. Tukawa kwaya iliyokwenda kuimba Kibumba, waimbaji wote wana mafua. Tukawa magunia matano ya kabichi yanayopaswa kufika sokoni kabla ya kuoza, na Kambale, ambaye alikuwa kabichi, alilia kwelikweli alipooza.

Ndipo alipokuja Uwera.

Alikuja na mama yake, wametoka Masisi kwa miguu, wamelowa hadi kwenye mifupa, papa yake amebaki nyuma na ng'ombe wao. Mama Uwera na Mama walijuana sokoni tangu zamani, mmoja akileta jibini, mwingine akiuza. Mama akawapa chumba chetu, akatuambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kambale akauliza kama mwenyeji anapona hata akipunguziwa chakula, akapata kofi lake.

Uwera alikuwa na miaka minane kama Kambale, na hakusema neno. Hata moja. Ukimpa chakula anakula, ukimwambia njoo anakuja, lakini kinywa chake kilifungwa kama mlango wenye kufuli. Mama Uwera alikuwa anamwambia Mama, huku machozi yanamtoka, kwamba mtoto huyu kwao alikuwa na mdomo kuliko redio. Walimpeleka zahanati, muuguzi akatazama koo, akasema koo ni zima. Siku zikapita, wiki ya pili ikaingia, na sisi watoto tukaanza kuogopa kwamba sauti yake imebaki huko porini na haitarudi.

Mchezo tuliendelea nao, naye anakaa pembeni anatazama. Alasiri moja ya mvua, Kambale akaleta wazo la mahari. Sisi ni Wanande, na mahari kwetu ni mbuzi, lakini yeye alitaka harusi kubwa ya kitajiri, akasema iwe ng'ombe wanane, watoke Masisi. Sawa. Vijiwe vinane nikavipanga barabarani. Kambale, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuchunga hata kuku, akajifanya mchungaji. Akafunga uzi kwenye kijiwe cha kwanza, akaanza kukivuta, mkono mwingine unakichapa kwa kijiti: "Twende! Twende, mujinga weye!"

"Ng'ombe habaivutake vile!"

Tuliruka sote. Uwera alikuwa amesimama, amekunja ngumi, uso umemwiva kwa hasira.

"Vile njo banavuta mbuzi! Ng'ombe unamuita jina, unamuimbia, yeye mwenyewe anakuya. Leta hapa!"

Akamnyang'anya Kambale uzi. Mama Uwera, aliyekuwa nyuma ya nyumba anamenya viazi, aliingia mbio na kisu mkononi, na Mama nyuma yake akipiga kelele kwamba mtu ameuawa. Uwera hata hakuwageukia. Alikuwa ameinama juu ya katoni, anawapa ng'ombe majina mmoja mmoja. Aliyetangulia alimwita Gaju.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Aka! Tulipokunja katoni, kinywa kikafungwa tena. Mama yake alimuuliza, akambembeleza, akampigia magoti. Kimya. Kesho yake tukatandika katoni, akasema tena, maneno tele, anawaimbia ng'ombe kwa Kinyarwanda. Tukakunja, kimya. Alikuwa anasema na ng'ombe tu.

Basi wale mama wawili wakaniita jikoni kama mtu mzima. Mama akanishika bega.

"Masika, sikia muzuri. Wale ng'ombe wasifike."

"Wasifike wapi?"

"Goma. Wakifika, mchezo unaisha, na mtoto atanyamaza kabisa. Uwaweke njiani."

Sikuwahi kupewa kazi kubwa namna ile. Niliwanyeshea mvua ya siku nne. Nilivunja daraja, na lilipojengwa nikalivunja tena. Nilimpa ng'ombe mmoja uchungu wa kuzaa juu ya mlima, kisha nikampa mapacha. Karibu na Sake niliangusha lori la ndizi katikati ya barabara. Wiki tatu! Uwera alipambana na kila kitu, lakini niliona anakonda, na usiku alikuwa analala ameshika kijiwe cha Gaju kiganjani. Nilijisifu moyoni kwamba ninamwokoa.

Mwisho mawazo yakaniisha, nikaweka kizuizi cha njiti barabarani. Kwa kuwa bunduki zilikatazwa, askari wangu alikuwa na kalamu na kofia tu. Akamtaka Gaju. Uwera akatikisa maharagwe, akamwaga. Jeupe moja. Gaju ameshikwa. Niliona midomo yake inabanana, kidogo kidogo, nikajiambia: Mungu wangu, nimemfunga kinywa mimi mwenyewe. Nikatunga sheria palepale.

"Unaweza kuongea na askari," nikasema. "Ukiongea vizuri, anakuachia."

Akakishika kijiwe cha Gaju. Kisha akaanza, polepole.

"Papa askari, hii ng'ombe haiko yangu, iko ya bibi harusi. Anaitwa Gaju, njo anajua njia. Ukimuzuia, hawa saba watalala hapa kwa barabara yako, na wewe mwenyewe utabakamua, na banapiga teke. Uko na dada? Siku ya ndoa yake, mutu wa kalamu akikamata ng'ombe yake, utajisikia aje? Papa, tumechoka. Mvua imetunyeshea. Utuache tufike."

Nilikuwa askari mwenye kofia, lakini machozi yalinishinda. Nikaondoa njiti ya kizuizi. Maagizo ya Mama niliyakumbuka kijiwe cha nane kikiwa tayari kimeingia Goma, mbele ya nyumba ya bibi harusi. Nikafumba macho nisubiri ule ukimya.

Uwera akashusha pumzi. Akakunja katoni kwa mikono yake, akageuka.

"Mama," akasema, "niko na njaa. Na huyu Kambale ananukaka miguu."

Tangu saa ile hakunyamaza tena, na Kambale ndiye aliyeteseka zaidi. Papa yake alifika baada ya miezi miwili, mzima ila amekonda, bila ng'ombe hata mmoja.

Miaka mingi nilijivunia ujanja wangu wa daraja na lori la ndizi. Mpaka mwaka Uwera alipokuja kunisalimia na mtoto wake mgongoni, nikaanza kujigamba mbele yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia kwamba usiku ule wa kukimbia, papa yake alikuwa amewaficha ng'ombe porini, na mama yake aliogopa mdomo wa mtoto kwenye vizuizi, asije akawataja. Akamwambia: usiseme neno kwa mtu yeyote mpaka ng'ombe wafike Goma. Kisha, kwa mvua na woga, mama mwenyewe akasahau kabisa kwamba aliyasema hayo.

"Nilikuwa natii," Uwera akasema. "Mara moja tu nilishindwa, Kambale alipomuvuta Gaju. Ng'ombe haiko mutu, na ule askari wako alikuwa wa mchezo tu. Na weye, Masika, ulinizuia njiani wiki tatu!"

Nilicheka naye, lakini alipoondoka nilikaa chini. Ng'ombe wa kweli hawakufika kamwe; bila wale wa katoni, nani angemwambia kwamba safari imekwisha? Siku hizi watu wakija kwangu wamekimbia vita, na bado wanakimbia, nawapokea mizigo, nawapa maji, kisha nainama mbele ya kila mtoto na kumwambia polepole, hata kama haniulizi: mumefika. Hapa ni Goma, mumefika, sema sasa.