Nilihojiwa kuhusu kumlea mama mkwe, majibu akatoa yeye

Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Kisaka, Serengeti, na hapa sijaongeza chumvi. Mama mkwe nimemsomea kabla ya kuposti, kasema nitume.

Huu ni mwaka wa nne namlea. Alivunjika nyonga, haogi wala haendi chooni bila mimi. Mume wangu anafanya kazi kambi ya watalii Natta, anakuja mara moja moja.

Mwezi jana akaja dada mmoja mtafiti na tablet yake. Akamwamkia mama shikamoo, akaeleza kwamba anapima ubora wa maisha ya sisi tunaolea wazee nyumbani.

Nilidhani kakosea. Kila anayeingia humu huwa anamuuliza mgonjwa tu.

Maswali yakaanza. Unalala vizuri? Ndiyo. Unapata muda wako? Ndiyo. Una wa kukupokea ukichoka? Ndiyo.

Wakuu, nilikuwa nadanganya live, na mkwe amekaa hapo hapo.

Kisha akauliza lini mara ya mwisho nilifanya kitu cha kunifurahisha.

Mama akadakia, akamwambia yule dada, "Mwanangu, futa hayo yote. Huyu hajalala vizuri tangu nianguke. Alikuwa anacheza mpira wa pete, sasa hata kanisani anakimbia kurudi. Andika hivyo."

Nikaanza kulia, halafu kicheko kikaja juu yake, mpaka dada wa watu akaweka tablet chini. Miaka yote hiyo niliogopa nikisema nimechoka ataona simtaki.

Jioni ile ile mama akampigia binti yake wa Nyamisangura. Hakubembeleza. Alimwambia aje wikiendi mbili kila mwezi.

Wifi akaja kweli.

Jana nimeingia uwanjani na sketi ya kuazima. Nimekosa magoli mpaka refa kanionea huruma. Nimeanguka mara mbili. Leo kuinama siwezi, na nacheka peke yangu kama chizi.

Niliporudi nilimkuta wifi kajilaza kwenye mkeka, hoi. Akaniuliza, "Wifi, hivi hii ndiyo kazi yako ya kila siku?"

Nikamchemshia chai, tukanywa wote watatu.

Nilichojifunza: kusema umechoka siyo kumkataa mzazi. Na mzee mwenyewe anaona kuliko tunavyodhani.

Mnaolea wazee humu ndani, ndugu zenu mliwaambiaje mpaka wakaja? Shusheni uzoefu, nasoma huku najikanda miguu.